Mnaosema mateso yamewasogeza kwa Mungu, ilikuwaje? Mi nimekauka

mama_wa_kwaya:
Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni mnisaidie ila msinihubirie sana, mahubiri nimeshasikia mengi. Mume wangu alipigwa kiharusi mwaka jana, upande wa kulia wote haufanyi kazi na maneno yanayomtoka ni mawili matatu, mi ndo namgeuza usiku kila baada ya masaa mawili asipate vidonda, duka nimefunga, watoto wako kwa bibi yao. Kanisani kila anayesimama kutoa ushuhuda alipitia moto akatoka dhahabu. Mi huu mwezi wa kumi na nne niko motoni na dhahabu siioni, naona majivu tu. Nikipiga magoti nasinzia au nalia, maneno hayaji. Kuna mtumishi akaniambia nipande mbegu ya laki mbili mlango ufunguke, nikakopa nikapanda, sasa nina mgonjwa na deni. Swali langu ni hili, kuna mtu hapa imani yake ilifufuka akiwa bado NDANI ya mateso, siyo baada ya kuisha?

barikiwa_tele:
Pole dada ila usinung'unike, Ayubu alivumilia akarudishiwa mara mbili. Dhiki huleta saburi, Warumi 5. Kaza mwendo!!

fundi_wa_mabibo:
We barikiwa ndo wale wale rafiki zake Ayubu asee 😅 Walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, hapo walikuwa marafiki kweli, wakaja kuharibu walipofungua midomo. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, siyo Ayubu aliyekuwa analalamika sura kwa sura.

Dada, swali lako naona lina jibu humo humo. Ile sura ya 42, Ayubu anasema zamani alikuwa anasikia tu habari za Mungu ila sasa jicho lake linamwona, na anayasema hayo hajarudishiwa hata kondoo mmoja, bado amekaa kwenye mavumbi na majivu. Watu tunaruka haraka kwenye ngamia elfu sita. Alafu soma Zaburi 88, ile inaishia gizani kabisa, hakuna hata mstari wa kusema "lakini nitakusifu", na bado ni sala. Kwahiyo kulia kwako usiku usikuhesabu kama umeshindwa kuomba.

mzee_wa_kagera:
Mwanangu pole sana, kumuuguza mtu wa kiharusi nakujua, mama yangu tulimuuguza miaka minne.

Mi nimekulia kwenye nyumba ya walokole na hadithi tuliyokuwa tunasimuliwa ni ya Gahini, Rwanda. Kulikuwa na njaa kubwa 1928 na 1929, watu wanaiita Rwakayihura, na pale Gahini palikuwa na hospitali ya misheni, daktari wake Mwingereza anaitwa Joe Church. Njaa ile ilimmaliza kabisa, na rohoni amekwisha. Akaenda Kampala 1929, huko kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, akamweleza ukweli kwamba amepungukiwa. Wakakaa siku mbili wanasoma Biblia na kuomba, basi. Uamsho uliokuja kufika huku kwetu Bukoba, Kenya na kwingineko, wengi wanauhesabia kuanzia pale. Mzungu, tena daktari, enzi za ukoloni, anamwambia Mwafrika nimekauka, hiyo haikuwa kitu kidogo.

Ninachokiona mimi ni kwamba hakwenda kutoa ushuhuda, alikwenda kusema hana kitu. Je wewe kuna mtu mmoja umemwambia hivi ulivyotuambia sisi? Siyo kwenye maombi ya wote, mtu mmoja.

mama_wa_kwaya:
Mzee shikamoo, asante. Hapana sijamwambia mtu, nikiulizwa hali nasema tunamshukuru Mungu. Hilo la Ayubu kwenye majivu limenishika, sikuwahi kuliona. Ila mzee, huyo daktari alirudi Gahini akakuta mambo mazuri?

mzee_wa_kagera:
Marahaba. Alirudi kwenye kazi ile ile mwanangu. Watu kuanza kutubu na kupatana kwa wingi pale ni miaka ya 1930, siyo wiki ile.

mama_wa_kwaya:
Narudi baada ya siku nne. Nilimwambia mama mmoja wa jumuiya, jirani tu, kwamba siwezi kuomba. Hakunijibu kitu. Jana kaja saa mbili usiku na kanga yake akasema leo namgeuza mimi, wewe lala. Nikalala mpaka saa kumi na moja. Nilipoamka nilikuta ananong'ona wimbo wa sauti ya pili, sauti yangu, na mume wangu anatikisa kidole cha mkono wa kushoto kufuatisha. Nikaimba mistari miwili hivi, ikakata. Deni bado lipo 😂

fundi_wa_mabibo:
Miwili inatosha dada. Huyo mama akija tena mpe chai.