Mjomba macho ya njano, mkewe anamchemshia mlonge na mwarobaini

Kijana wa Newala: Shikamooni wakubwa. Msimu huu wa mabibo mjomba wangu uraka, ile pombe ya mabibo, haumpiti, na nipa, gongo yetu ya huku, ikipatikana anashusha. Sasa macho yamekuwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Mkewe anachemsha majani ya mlonge, manjano na magome ya mwarobaini, kikombe asubuhi na jioni, eti ini lisafike. Kuna ukweli hapo?

Korosho Ghafi: Mlonge kiboko! Kausha kivulini, twanga, kijiko kwenye uji. Mimi presha imetulia.

Bibi Nesi, Masasi: Presha si ini, mwanangu. Kijana, marahaba. Nimestaafu wodi ya wanaume, macho hayo nayajua. Mlonge na manjano vimejaribiwa sana kwa panya: wanapewa sumu ya ini, na waliolishwa majani huumia kidogo kuliko wenzao. Sawa, lakini panya yule hashindi kilabuni. Mlonge upikwe na nazi, ale kama mboga. Manjano kwenye mchuzi hayana neno; ya vidonge vikali ndiyo yaliyowaumiza watu maini kule Italia mwaka 2019. Magome ya mwarobaini yasimame leo. Ini bovu ndilo linalopaswa kuchuja hata hiyo dawa.

Umanjano wa macho haujakwambia chanzo. Apimwe damu, ini lenyewe na homa ya ini B. Chanjo yake iliingia kwa watoto wetu mwaka 2002, mjomba wako alishakuwa mtu mzima. Akikutwa nayo, hospitali kuna vidonge vya kuvidhibiti virusi, majani hayana uwezo huo. Halafu chungulia ghalani: karanga zenye ukungu zina sumukuvu, kuchemsha hakuiondoi, na ikikutana na virusi B saratani ya ini inakuwa karibu zaidi.

Mwana Lindi: Na silimarini, ile dawa ya ini ya famasi?

Bibi Nesi, Masasi: Inatoka kwenye mbegu za mmea wa pande za Mediterania. Ulaya huwachoma sindano yake waliokula uyoga wa sumu. Kwa ini la pombe, faida yake haijathibitika. Hela hiyo iwe nauli.

Kijana wa Newala: Nimekuelewa bibi. Basi nimfungie uraka leo hii?

Bibi Nesi, Masasi: Kama anakunywa kila siku, usimkatize ghafla mkiwa nyumbani, anaweza kupata degedege. Mpeleke kesho asubuhi. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika damu, ni usiku huohuo. Daktari aambiwe uraka, nipa na kikombe cha mkewe, msimfiche.