Naomba ushauri: nani asifiwe katika vita vya Texas?

Habari zenu wakuu. Naishi Houston, kijana wangu yuko darasa la saba, mwaka ambao huku wanasoma historia ya Texas. Kapewa kazi ya kuandika kuhusu watu wa majimbo mengine ya Marekani waliojitolea kupigana na Mexico mwaka 1835 na 1836, Texas ilipokuwa inajitenga nayo.

Balaa limeanza nilipoulizia kazini. Jamaa wa Tennessee anasema bila Davy Crockett, mwanasiasa wa kwao aliyefia kwenye ngome ya Alamo, hakuna Alamo. Wa Georgia akaja juu: bendera ya nyota moja waliyokuja nayo watu wao ilishonwa na binti wa kwao, Joanna Troutman, na wengi wao waliuawa na jeshi la Mexico katika mji wa Goliad tarehe 27 Machi 1836 wakiwa wameshajisalimisha. Wa Kentucky naye ana bendera yake ya San Jacinto, pigano ambalo Texas ilishinda vita. Kila mtu anavutia kwake, utadhani Simba na Yanga.

Kinachonikera ni kwamba hakuna aliyemtaja Juan Seguín, mzaliwa wa San Antonio, aliyeongoza Watejano (wenyeji wa Texas wenye asili ya Mexico) pale pale San Jacinto. Wala utumwa: Mexico iliupiga marufuku mwaka 1829, katiba ya Texas ya 1836 ikauhalalisha. Na ardhi waliyoahidiwa wapiganaji je? Kujitolea gani huko!

Sasa naombeni ushauri: dogo aandike jimbo kwa jimbo, au aanze na Seguín halafu aingie kwenye utumwa? Mwalimu wake ni Mtexas wa kuzaliwa na anajivunia kweli, sitaki mtoto akose maksi. Wenye watoto shule za huku, mlifanyaje?