Meza ya mama lishe: utafiti au useremala?

Mleta mada: Wakuu, tujadili hili bila jazba. Mdogo wangu anasoma shahada ya uzamili ya usanifu (design, ubunifu wa vitu) hapa Dar. Mwaka mzima ameshinda Keko kwa mafundi, anatengeneza meza ya kukunja ya mama lishe. Ya kwanza iliyumba, supu ikamwagika. Ya pili imara lakini nzito, mama akamwambia, "Mwanangu, hii niibebe au inibebe?" Ya tatu miguu imepishana kama mkasi, unaibeba kwa mkono mmoja. Kafika mbele ya jopo la watahini, swali la kwanza: dodoso liko wapi, sampuli watu wangapi? Kaambiwa hajafanya utafiti, kafanya useremala.

Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, aliugawa utafiti wa fani hii mafungu matatu: unaochunguza usanifu wenyewe, kama historia yake, unaofanyika kwa njia ya kusanifu, majaribio yakiandikwa hatua kwa hatua, na ule ambao tunda lake ni kitu chenyewe, fikra zimo ndani ya kitu. Hili la mwisho hata yeye lilimsumbua. Kwa Kiingereza mafungu yametenganishwa na vijineno vitatu tu: into, through, for. Sisi tukisema "utafiti kwa usanifu", ni kwa njia yake au kwa ajili yake? "Kwa" yetu imebeba yote mawili. Jopo lilinasa hapo: liliiona meza, halikuuliza zile mbili zilizoshindikana zilifundisha nini.

Mimi namwelewa zaidi Nigel Cross, mtafiti wa usanifu wa Uingereza. Mwaka 1999 aliuliza maarifa ya usanifu yanakaa wapi, akajibu: kwa watu, kwenye michakato, na kwenye bidhaa. Hapo huhitaji kugombania kijineno "kwa".

Mzee wa Takwimu: Mkuu, kwa hesabu hiyo wapeni Keko nzima shahada, maana kila fundi anaharibu viwili ndipo cha tatu kinakaa sawa. Halafu meza tatu, mama mmoja! Wa Posta anaweka kwenye lami, wa Buguruni kwenye mchanga. Utaniambia nini kuhusu wa Buguruni?

Mleta mada: Hoja ya Buguruni naikubali. Bruce Archer, mtafiti mwingine wa usanifu, mwaka 1995 alisema utafiti unaofanyika kwa kutenda kazi yenyewe, matokeo yake yamefungwa na mazingira yalipotoka. Ila huyohuyo ndiye aliyesema utafiti ni uchunguzi wenye utaratibu, unaolenga maarifa yanayoweza kuwasilishwa kwa wengine. Dogo ana daftari: uzito wa kila meza, mahali bawaba ilipokatika, kwa nini mbao iliachwa yakaja mabomba. Fundi mwingine akilisoma hataanza na meza inayoyumba. Tofauti na Keko nzima ni hilo daftari.

Msomaji kimya: Kwa hiyo angeleta daftari bila meza angefaulu? 😂

Fundi K: Nimeonyeshwa huu mjadala na kijana wangu. Hizo meza nimechomelea mimi. Miguu ya mkasi nilimwonyesha mimi, marehemu baba alikuwa anaifanya kwenye vitanda vya kamba. Dogo ni mtu mzuri, chai ananinunulia. Ila naomba kuuliza: humo kwenye daftari, ukurasa wa mkasi, imeandikwa nani alisema?