Ngozi ya magome ya miwati au ya kromu: ipi ina nafuu kwa mnyama na kwa mto?

Fundi Viatu, Mafinga
Ndugu zangu, mteja mmoja amekataa kununua mkanda wangu mpaka nimweleze ng'ombe aliyetoa ngozi hiyo alitunzwaje na ngozi ilisindikwa kwa dawa gani, nami sikuwa na jibu. Naomba wenye ujuzi mnifafanulie kama magome ya mti wa miwati yana nafuu ya kweli kuliko kromu, yaani dawa ya madini, na mnunuzi mdogo kama mimi atajuaje kuwa mnyama hakuteswa.

Msindikaji, Njombe
Nafuu ipo, ingawa si kubwa kama inavyotangazwa. Kromu humaliza kazi kwa takriban siku moja, ndiyo maana sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa nayo, lakini maji yake yakimwagwa bila kusafishwa madini hayo hubaki kwenye tope la mto. Miwati, ambayo huku tumeizoea tangu kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanzishwa mwaka 1949, hutaka ngozi ilowekwe shimoni kwa majuma kadhaa. Hata hivyo maji yake mekundu si chai: nayo hula oksijeni ya mto hadi samaki wakafa, na chokaa ya kunyonyolea manyoya hutumika kwa njia zote mbili.

Afisa Mifugo, Mbeya
Kuhusu mnyama, itandaze ngozi kwenye mwanga uikague. Utaona kovu la chapa ya moto ubavuni, michirizi ya fimbo, vitundu vya kupe, na mikwaruzo ya pembe za wenzake waliobanana naye ndani ya lori. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, lakini mnadani ng'ombe hukadiriwa kwa nyama yake, kwa hiyo mfugaji wa Usangu anayehamishia chapa mguuni ili kuokoa ngozi haongezewi hata shilingi. Kwa maoni yangu tatizo liko hapo kuliko kwenye dawa. Ila ngozi safi haitakueleza mnyama alichinjwaje. Hilo nenda ukalione machinjioni mwenyewe.

Fundi Viatu, Mafinga
Nashukuru sana. Machinjio si mbali, nitakwenda alfajiri. Ndugu wa Njombe, unapokea ngozi tatu tu?

Msindikaji, Njombe
Napokea, mradi ziwe zimetiwa chumvi siku ileile ya kuchunwa. Zilizoanikwa chini juani usiniletee.