Kaunti na mipango ya tabianchi: chuo kikuu kina kazi gani hapo?

MtoMkavu
Wadau habari zenu. Mimi niko kwa ile kamati ya wadi ya mipango ya tabianchi huku Ukambani na kuna kitu inanikera. Ikifika wakati wa tathmini ya hatari za tabianchi, ile PCRA ya FLLoCA (ule mpango wa serikali wa kupeleka pesa za tabianchi mashinani, na wananchi wanafaa kushiriki kwa tathmini yenyewe), kaunti inaleta konsaltanti kutoka Nairobi na projekta yake, tunachora ramani ya malisho na maji kwa manila pepa, anaenda, baadaye ripoti inarudi imejaa picha zetu tukiwa tumenyoosha mikono. Na chuo kikuu kiko hapo tu barabarani kina malekchara wa udongo, wa maji, wa hali ya hewa! Kwani sheria inakataza kaunti kufanya kazi na vyuo ama ni vyuo havitaki? Anayejua anieleze bila siasa tafadhali.

Karani_Ugatuzi
Hakuna sheria inakataza bana. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka kila kaunti iingize mambo ya tabianchi kwa CIDP, yaani mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano, na hata lile baraza la kitaifa ambalo mwenyekiti ni rais limewekewa kiti cha mtu wa vyuo. Huku chini sasa inategemea kaunti yenu iliandika sheria yake vipi. Lakini shida kubwa ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa uwe kwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, mwaka mpya unaanza 1 Julai. Konsaltanti ukimwambia nataka ripoti kabla ya Februari anakesha analeta. Profesa anakwambia wanafunzi wako kwa mtihani. Alafu pesa ya kaunti ikiingia chuo inazunguka huko ndani, mwenye kufanya kazi anaiona baadaye sana. Naongea kama mtu wa ofisi sio adui wa elimu 😅

Udongo_Tifutifu
Karani hiyo ni nusu ya ukweli. Mimi nafundisha, na hatuitwi mwanzo. Tunaitwa siku ya kupitisha ripoti, chai na mandazi, picha ya pamoja, alafu logo ya chuo inawekwa kwa kava kama muhuri. Hapo nisaidie nini?

Chuo kisiandike mpango, wenye mpango ni wananchi na kaunti. Chuo kikague. Chukua bwawa la mchanga, hiyo ndio kila wadi ya huku inaomba: unajenga ukuta kwa mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na ukiwa mchanga wa chembe kubwa maji yanaweza kufika hadi 40% ya ujazo wake. Lakini kama juu ya mto mashamba yanamomonyoka na kinachoshuka ni tope laini, bwawa linajaa tope, unachimba kisima pembeni maji hayatoki vizuri. Kujua hiyo mapema hakuhitaji mtu wa Nairobi, unapitisha mchanga kwa chekeche za maabara unapima kila saizi ya chembe. Wakati mwingine jibu ni ukuta upandishwe kidogo kidogo kila msimu ili tope lipite juu na mchanga ubaki. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza hiyo kazi mchana mmoja.

Nduku_wa_Wadi
Daktari nakusikia lakini na nyinyi wa vyuo mna makosa yenu. Wanafunzi wenu wanakuja na dodoso ndefu, unaulizwa mbuzi wako wangapi walikufa ile kiangazi ya 2020 mpaka 2022, unakumbushwa machungu yote, anaenda anapata digrii yake na hatumwoni tena. Hiyo tesisi iko wapi? Kaunti haina, chifu hana, sisi hatuna. Tena yule konsaltanti angalau tunarudishiwa kitu tunabishana nayo.
Makueni walipitisha kanuni za mfuko wao wa tabianchi 2015, hata kabla ya sheria ya taifa, na nguvu ilikuwa kwa kamati za wadi. Profesa akae kwa mkutano kama sisi, asikae meza ya mbele.

Mipango_Dodoma
Jamani hapa Bongo halmashauri nyingi maafisa mipango wake wamesoma Chuo cha Mipango Dodoma, kwahiyo wakikwama wanampigia mwalimu wao simu tu. Hakuna mkataba wala nini. Uzuri ni haraka, ubaya ni kwamba afisa akihamishwa na ule ukaribu unahama nae.

Karani_Ugatuzi
@Nduku hiyo ya tesisi ni kweli na ni rahisi kutatua, kibali cha kukusanya data kwa wadi kiwe na sharti nakala na muhtasari wa kurasa mbili urudi kwa kamati. Nitaisukuma huku.

MtoMkavu
Asanteni. @Udongo_Tifutifu sisi tuna eneo tumependekeza la bwawa na ripoti haisemi chochote kuhusu mchanga. Nikikuletea mchanga kwa mfuko unatosha ama mpaka mje wenyewe?

Udongo_Tifutifu
Tukija ni bora lakini anza. Usichote wa juu peke yake. Chimba katikati ya mto na karibu na kingo zote mbili, uende juu kidogo ya pale ukuta utakaa uchimbe tena, kila shimo mfuko wake na uandike kina. Na uulize wazee mto ulijaa mpaka wapi kwa zile mvua za 2024, weka alama hapo.