Tupeane uzoefu: Kufanya kazi Marekani kwa viza ya mwanafunzi huku grinikadi ikisubiriwa

Mzizima
Wakuu, swali hili linarudi kila muhula, hasa kwa vijana wetu walioko Texas na Minnesota. Mtu yuko kwa F-1 (viza ya mwanafunzi), amefunga ndoa na raia au anadhaminiwa na mwajiri, ameshapeleka I-485, yaani ombi la grinikadi, na risiti ameipata. Afanye kazi ipi, kwa karatasi ipi? Naomba wanaoijua mada waweke hatua, ada na mitego. Hadithi za maisha tuziache, tutoe vitu vya kutumika.

Naanza na msingi. Risiti ya I-485 si kibali cha kazi. Inakuwezesha kubaki nchini kihalali wakati ombi linashughulikiwa, basi. Hadi upate kibali kingine, masharti ya F-1 ndiyo yanayokuongoza: kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na muda wote wakati wa likizo. Kazi ya nje ya chuo ni kwa CPT (kazi ya mafunzo iliyo sehemu ya masomo) iliyoandikwa kwenye I-20 yako (fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni) pamoja na jina la mwajiri na tarehe, au kwa OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, hasa baada ya kuhitimu) baada ya kadi ya kibali kufika na tarehe yake ya kuanza kutimia.

Bint_Mwembetanga
Kibali kinachotokana na I-485 kinaombwa kwa fomu I-765, na kwenye swali la kundi unajaza (c)(9), yaani mwenye I-485 inayosubiri. Hapo ndipo wengi hukosea: mwanafunzi anakopi fomu ya rafiki yake wa OPT na kuandika (c)(3)(B). Hayo ni maombi mawili tofauti, kila moja na ada yake na ushahidi wake.

Ukiipeleka pamoja na I-485, weka picha mbili za mtindo wa pasipoti, inchi 2 kwa 2, nakala ya I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha. Ukiipeleka baadaye, ongeza nakala ya I-797C, yaani risiti ya I-485. Ada tangu 1 Aprili 2024 ni dola 260 kwa aliyelipia I-485, ambayo yenyewe ni dola 1,440. Hundi za karatasi zilikoma kupokewa mwishoni mwa Oktoba 2025, kwa hiyo ambatanisha G-1450 kwa kulipa kwa kadi au G-1650 kwa kukatwa kwenye akaunti ya benki. Kila fomu iwe na malipo yake. Ukijumlisha ada zote kwenye malipo mamoja, bahasha nzima inaweza kurudishwa.

Ndani ya I-765 kuna sehemu ya kuomba namba ya Social Security (hifadhi ya jamii). Kama huna, ijaze hapo hapo, itakuokoa safari ya ofisini.

Ukihama, una siku 10 za kutoa taarifa ya anwani kwa USCIS (idara ya uhamiaji inayoshughulikia maombi haya), na siku 10 hizo hizo kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni. Kadi ikirudi ilikotoka kwa sababu ya anwani ya zamani, utapoteza wiki nyingi kuifuatilia.

Mnyalu_TX
Naongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Kuwa na kadi ya (c)(9) kabatini hakuiharibu F-1. Kuitumia ndiko kunakobadili mambo. Siku unapoanza kazi ya nje ya chuo kwa kadi hiyo, au kuzidisha saa 20 za chuoni kwa kuitegemea, unafanya kazi ambayo F-1 haikuruhusu, na kwa kawaida unahesabika hushikilii tena hadhi ya mwanafunzi. Unaendelea kusoma, hakuna anayekufukuza darasani, lakini kukaa kwako nchini sasa kunategemea I-485 peke yake.

Kwa nini hilo ni zito? I-485 ikikataliwa huku F-1 yako ingali hai, unarudi kwenye masomo yako na unaweza kuomba upya kwa utulivu. Ikikataliwa wakati F-1 imekwisha, huna hadhi nyingine. Kadi ya (c)(9) nayo inaweza kufutwa kwa sababu chanzo chake kimekufa, na siku za kukaa bila hadhi zinaanza kuhesabiwa.

Ndiyo maana kwa anayekaribia kuhitimu napendekeza OPT iombwe hata kama (c)(9) iko njiani. Kuwa na I-485 hakukuzuii kuiomba. Dirisha linafunguka siku 90 kabla ya programu kuisha na kufungwa siku 60 baada yake, na ombi lifike USCIS ndani ya siku 30 tangu ofisa wa chuo alipoingiza pendekezo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni. Ada ni dola 470 mtandaoni, 520 kwa karatasi. Ni ghali, lakini unapata miezi 12 ya kazi huku F-1 ikibaki hai. Kumbuka tu kikomo cha siku 90 za kukaa bila kazi.

Mwenye kesi rahisi, karatasi safi na mke au mume raia, anaweza kuamua kutumia (c)(9) mapema kwa sababu ya kodi ya nyumba na karo. Uamuzi huo unaeleweka. Aufanye tu akijua anachokiacha.

Kipkelion
Mkuu Mnyalu, na wale wanaoanza kazi kabla kadi haijafika? Kulea wazee majumbani, kupeleka chakula kwa kutumia akaunti ya mtu mwingine?

Mnyalu_TX
Ndugu, hiyo ni kazi bila kibali hata kama unalipwa taslimu, na madhara yake yanategemea njia ya ombi lako. Mke au mume wa raia, wazazi wa raia aliyefikisha miaka 21, na watoto wa raia wa chini ya miaka 21 wasiooa, kifungu 245(c) cha sheria ya uhamiaji, kinachozuia grinikadi kwa waliofanya kazi bila kibali, hakiwafungii mlango kwa sababu hiyo peke yake. Wanaoombewa na mwajiri wana kifungu 245(k), inayosamehe jumla ya siku zisizozidi 180 tangu walipoingia kihalali mara ya mwisho. Kaka au dada wa raia, mke au mume wa mwenye grinikadi, na washindi wa bahati nasibu ya viza hawana msamaha huo. Kwao wiki chache za kazi ya namna hiyo zinaweza kuangusha ombi zima. Na I-485 inauliza waziwazi kama umewahi kufanya kazi bila kibali. Kudanganya hapo ni kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza.

Mama_Karatasi
Wadogo zangu, fomu I-9 ya mwajiri, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, inahitaji umakini mkubwa. Kuna viboksi vinne kuhusu hadhi yako. Wewe ni mgeni mwenye kibali cha kufanya kazi, na unaandika tarehe kinapoisha. Usiweke alama kwenye raia, hata kama bosi ana haraka na anakuambia weka tu. Kujidai raia kwenye I-9 kunafunga grinikadi maisha yote, na ndoa na raia haifuti.

Kadi ya kibali peke yake inatosha kama kitambulisho. Mwajiri hana haki ya kukulazimisha ulete na leseni au kadi ya Social Security juu yake. Ana siku 3 za kazi tangu uanze kukamilisha sehemu yake.

Mshahara nao utabadilika. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado si mkazi kwa hesabu za kodi, kwa kawaida miaka mitano ya kwanza ya kalenda, hakatwi makato ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee) kwa kazi iliyoruhusiwa na F-1. Ukihamia (c)(9), tarajia kukatwa asilimia 7.65. Mwambie mhasibu wa kazini mapema.

Bint_Mwembetanga
Kuhusu kurenyu kadi ya kibali: tangu 5 Desemba 2025 kadi mpya za (c)(9) hazizidi miezi 18, na ombi lililopelekwa kuanzia 30 Oktoba 2025 halina tena nyongeza ya muda ya moja kwa moja. Kadi ikiisha na mpya haijafika, unasimama kazi siku hiyo. Dirisha hufunguka siku 180 kabla ya kuisha, kwa hiyo peleka wiki ile ile.

Kipkelion
Na msiba ukitokea nyumbani?

Mama_Karatasi
Pole kwa yeyote anayeuliza hilo akiwa na haja nalo. Ukitoka nje ya Marekani bila kibali cha kusafiri cha I-131 kilichokwisha kutolewa, I-485 ya mwenye F-1 inahesabiwa umeitelekeza. Kuwa umeomba tu hakutoshi. Kwa dharura, piga simu USCIS uombe miadi kwenye ofisi ya eneo lako, uende na fomu iliyojazwa, malipo, picha, na uthibitisho wa kifo au barua ya hospitali. Kibali cha mazishi kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe chote kwa Kiingereza, na mtafsiri aandike na kusaini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili.

Ukirudi kwa kibali hicho, unaingia bila hadhi ya F-1. Kazi ya chuoni, CPT na OPT haviendelei. Hakikisha kadi ya (c)(9) iko mkononi kabla ya kupanda ndege.