Tupeane uzoefu: pesa zinavyopotea ukimuuguza mwenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu)

Mlezi wa Zamu: Wapendwa, hapa tuweke mambo ya pesa tu. Zinaanza kuvuja wapi, na mnazibaje?

Karani Mstaafu: Zinavuja kabla hata jina la mjukuu halijasahaulika. Ankara moja imelipwa mara mbili, nyingine imelala kwenye bahasha haijafunguliwa, faini inapanda. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha baadhi ya wagonjwa huanza kuchelewesha malipo ya madeni hadi miaka 6 kabla ugonjwa haujatajwa. Chukueni taarifa ya benki ya miezi 12, pigieni mstari makato yanayojirudia. Mtakuta bima mbili za kitu kimoja.

Kifungua Mimba: Kweli tupu. Na soga bado anapiga vizuri, mgeni haoni kitu.

Wakili wa Familia: Pabaya kuliko pote ni hapa. Mgonjwa amelazwa, hospitali inadai, pesa ipo kwenye akaunti yake na hakuna wa kuigusa. Familia inakimbilia hati ya uwakili, ile ya kumruhusu mtu mwingine ashughulikie mali yake. Wakili anamuuliza mgonjwa: hati hii ni ya nini, unampa nani, atafanya nini na mali yako? Majibu hayaji, hati haiandikwi. Inabaki mahakama imteue msimamizi: ripoti ya daktari, orodha ya mali, ndugu kuarifiwa, na mmoja akipinga miezi inakatika. Wengine wana hati mkononi, lakini ni ya kawaida, na kwa sheria za nchi nyingi hiyo hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua. Inatakiwa ya kudumu, inayotamka wazi kwamba itaendelea, naye aitie saini angali anaelewa. Mpangieni asubuhi, akiwa amelala vizuri. Jioni wengi huchanganyikiwa zaidi.

Dada Muuguzi: Hapo pa asubuhi pazingatiwe sana.

Mpenda Njia Fupi: Mlolongo wote huo wa nini? Fungueni akaunti ya pamoja, imekwisha.

Wakili wa Familia: Usiwapoteze watu, ndugu yangu. Kama kila mmoja anaweza kutoa peke yake, tapeli akimpigia mzee simu moja akaunti inakauka. Ikiwa ya saini mbili, inakwama siku mzee hawezi kusaini.

Mpenda Njia Fupi: Nani kasema akiba yote iwe mle? Iwekwe ya matumizi ya mwezi tu.

Wakili wa Familia: Hilo nakubali, ila hati bado inahitajika.

Kifungua Mimba: Kadi ya benki mnyang'anyeni mapema, bila huruma.

Dada Muuguzi: Hapana! Ukimpokonya, wezi mnakuwa ninyi. Shusheni kiwango cha kutoa kwa siku, ujumbe wa benki uingie na kwenye simu ya pili, pochi ibaki na noti ndogondogo. Akisema ameibiwa msibishane, tafuteni naye: chini ya godoro, ndani ya soksi, mfuko wa koti. Na kabla ya kununua vidonge vya kumbukumbu vinavyotangazwa, apimwe vitamini B12, tezi ya shingo na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), maana hayo nayo huvuruga akili. Nepi nazo hupungua akipelekwa chooni kila baada ya saa mbili wakati wa mchana.

Mlezi wa Zamu: Na anayeacha kazi ili auguze? WHO, Shirika la Afya Duniani, ilikadiria gharama ya demensia duniani kwa 2019 kuwa dola trilioni 1.3, karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na marafiki. Wanawake ndio wanaotoa asilimia 70 ya saa za kuuguza.

Karani Mstaafu: Alipwe, na iandikwe: kiasi, tarehe, saini za ndugu wote. Risiti kwenye bahasha ya kila mwezi.

Kifungua Mimba: Kumlipa mtoto kwa kumlea mzazi wake? Haya ni mapya.

Dada Muuguzi: Basi uje wewe zamu ya usiku. Ila asikimbilie kuacha kazi. Aombe kwanza kupunguziwa saa.

Mlezi wa Zamu: Na kama mwenzi wa mgonjwa naye ameanza kusahau, hati apewe nani?

Wakili wa Familia: Watajwe wawili wenye afya, pamoja na mbadala. Iandikwe kila mmoja anaweza kutenda peke yake kwa malipo ya kawaida, lakini kuuza nyumba au shamba lazima wakubaliane wote wawili.